Shimo la jirani: kusanifu msingi pembeni mwa jengo lililokwishasimama

Alfajiri ya tarehe 27 Juni 2009, jengo la ghorofa 13 lililokuwa linakaribia kukamilika jijini Shanghai lilianguka kwa ubavu. Halikubomoka. Lilijilaza karibu zima, na pale lilipokuwa limesimama zikaonekana nguzo zake za ardhini zimekatika. Fundi mmoja alifariki. Kilicholiangusha hakikuwa uzito wake. Upande wa kusini palikuwa pamechimbwa shimo la gereji lenye kina cha mita 4.6, na upande wa kaskazini udongo uliotolewa kwenye uchimbaji ukarundikwa hadi kimo cha karibu mita 10. Rundo likausukuma udongo kuelekea shimoni, udongo ukazisukuma nguzo, nguzo zikashindwa.

Mtu anayetaka kujenga pembeni mwa jengo lililopo humuuliza mhandisi swali moja: je, msingi wangu utabeba? Mara nyingi jibu ni ndiyo. Kinachosahaulika ni kwamba kabla msingi haujabeba chochote, kuna wiki au miezi ambapo mahali pake ni shimo tupu, na jengo la jirani limesimama ukingoni. Michoro huonyesha jengo likiwa limekamilika. Jirani, yeye, anaishi ndani ya kipindi cha ujenzi. Majengo mengi ya zamani huumizwa na shimo kuliko yanavyoumizwa na uzito wa jengo jipya, na msanifu wa msingi anayeshughulikia uzito peke yake amefanya nusu ya kazi.

Hata hivyo uzito nao una mambo yake, na ni vizuri kuanza nao kwa sababu ndio unaoeleza kwa nini majengo mawili yasiyogusana yanaweza kudhuriana.

Mzigo hauheshimu mpaka

Mzigo ukifika kwenye udongo haushuki wima moja kwa moja. Hutawanyika. Mwaka 1885 Mfaransa Joseph Boussinesq alitoa kanuni za kukadiria mtawanyiko huo, na wahandisi wanazitumia hadi leo. Ukichora mistari inayounganisha sehemu zenye msukumo ulio sawa chini ya kitako cha msingi (sehemu pana ya chini inayokalia udongo), unapata umbo la kitunguu: tabaka ndani ya tabaka, msukumo mkali karibu na kitako na hafifu kadiri unavyotoka nje. Chini ya kitako cha mraba, ukishuka kina cha mara mbili ya upana wake, msukumo uliobaki ni kama asilimia 10 tu. Kwa hiyo kitako cha mita moja kinashughulika na udongo wa mita mbili hivi za juu. Jengo linalokalia bamba moja la zege la mita 15 kwa 15 linafika mita 30.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Nyumba yenye vitako vya mita moja inaweza kukaa miaka 50 juu ya mchanga mzuri bila kuhisi kwamba mita nane chini yake kuna tabaka la mfinyanzi laini. Vitako vyake haviufikii. Bamba la jengo jipya linaufikia, na mfinyanzi ukianza kubanwa hautachagua nani aliyekuja jana na nani alikuwapo. Unabanwa chini ya jengo jipya na chini ya ukuta wa jirani pia.

Tufanye hesabu ndogo. Chukulia bamba hilo la mita 15 linasukuma udongo kwa tani 6 kwa kila mita ya mraba, kiasi cha kawaida kwa jengo la ghorofa tano au sita. Simama mpakani, katikati ya upande mmoja wa bamba, kisha shuka mita tano. Msukumo unaoukuta hapo ni karibu asilimia 45 ya ule ulio chini ya bamba lenyewe, yaani kama tani 2.7 kwa mita ya mraba. Ukuta wa jirani uliojengwa kugusa mpaka unaupata mzigo huo wote. Ukuta wake wa upande wa pili, mita kumi mbali, unapata kidogo sana. Upande mmoja unatitia, mwingine hautitii, na jengo la zamani linainama kumwelekea mgeni.

Mgeni naye hasalimiki. Udongo ulio upande wa jengo la zamani umekwishabanwa kwa miaka mingi, hivyo ni mgumu zaidi kuliko ule wa upande wa wazi. Jengo jipya linatitia zaidi upande wa wazi na kuinama kumkimbia mwenzake. Na yakijengwa mawili kwa wakati mmoja, udongo wa katikati unapata mizigo miwili, na majengo huinamiana. Mji wa Santos nchini Brazil umekuwa darasa la jambo hili. Majengo mengi marefu ya ufukweni yalijengwa katika karne ya 20 juu ya misingi mifupi kwenye tabaka la mchanga lenye unene wa mita kumi hivi, na chini ya mchanga huo kuna makumi ya mita za mfinyanzi laini wa bahari. Kila jengo peke yake lilionekana salama kwenye karatasi. Yalipopangwa bega kwa bega, vitunguu vyao vikaingiliana, na leo ufukwe huo unajulikana kwa majengo yaliyopinda yanayoonekana kwa macho bila kipimo.

Kutitia kwenyewe si janga. Jengo zima likishuka kwa usawa sentimita tatu, mabomba yatalalamika lakini kuta hazitajua. Kinachopasua kuta ni tofauti kati ya sehemu moja na nyingine. Mwaka 1956 wahandisi Skempton na MacDonald walikusanya taarifa za majengo halisi na kuona kwamba kuta huanza kupasuka tofauti ya kutitia kati ya nguzo mbili inapofika sehemu moja ya 300 ya umbali wa nguzo hizo, na kwamba kwenye moja ya 150 mifupa ya jengo yenyewe huanza kuumia. Wasanifu wanaopenda usingizi hutumia moja ya 500. Kwa nguzo zilizo umbali wa mita sita, hiyo ni milimita 12. Ishike namba hiyo, tutaihitaji.

Jirani amesimama juu ya nini?

Swali hili ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu. Michoro ya jengo la zamani mara nyingi haipo, na ikiwepo inaonyesha kilichokusudiwa badala ya kilichojengwa. Njia ya uhakika ni kuchimba visima vidogo vya uchunguzi kandokando ya ukuta, kimoja kimoja, vyembamba, na kuvifukia mara baada ya kupima. Unatafuta kina cha msingi, upana wake, umetengenezwa kwa nini (mawe na chokaa, matofali yaliyopangwa ngazi ngazi, zege), na umetokeza kiasi gani ukavuka mpaka. Kutokeza huko ni kwa kawaida sana kwenye majengo ya zamani, na anayeligundua jambo hilo siku ambayo tayari ameshapanga nguzo zake hulazimika kuanza upya.

Tafuta pia vilivyofukiwa: visima vya zamani, mashimo ya maji machafu, matangi, misingi ya jengo lililobomolewa. Shimo la maji machafu lililojazwa kifusi nusu mita kutoka msingi wa jirani linaweza kubatilisha hesabu zote zilizofanywa kwa udongo wa asili.

Vipimo vya udongo navyo vifike kina kinacholingana na kitunguu cha jengo jipya. Uchunguzi wa mita tatu kwa jengo la ghorofa sita ni karatasi ya kuombea kibali tu.

Shimo

Sasa tufike kwenye kiini. Watu wengi, hata mafundi wazoefu, huamini kwamba mradi hujachimba chini ya kitako cha jirani, yuko salama. Imani hiyo ina kasoro, na inafaa kuonyeshwa kwa namba.

Udongo ulio chini ya kitako hubeba mzigo kwa sababu udongo wa pembeni unaukandamiza usifurumke. Chukua ukuta wa zamani juu ya msingi wa mkanda wenye upana wa sentimita 60, umezikwa mita moja kwenye mchanga wa wastani, mkavu. Kwa kanuni za kawaida za uwezo wa udongo, mchanga huo utashindwa kwenye msukumo wa tani 43 hivi kwa mita ya mraba. Katika hizo, karibu tani 33 zinatokana na ile mita moja ya udongo iliyolala pembeni. Upana wa kitako wenyewe unachangia tani 10 tu. Sasa mwenye kiwanja kipya anakuja na kuondoa ile mita moja, upande wake tu, mpaka usawa wa kitako, wala hajaenda chini yake hata kidole. Uwezo wa udongo wa upande huo umepotea kwa takribani robo tatu. Kama ukuta ulikuwa unasukuma kwa tani 12, ulikuwa na akiba ya kutosha asubuhi na jioni hauna kabisa.

Ndiyo maana kuta nyingi huanguka kabla shimo halijafika kina kinachotisha. Kwa macho, uchimbaji wa mita moja hauonekani kuwa kitu.

Kanuni ya kwanza ya usanifu inatokana na hapo. Chora mstari kutoka ukingo wa chini wa kitako cha zamani, ukishuka kwa mteremko kuelekea kiwanja kipya. Msingi mpya ukikaa juu ya mstari huo, unaliacha pembe-tatu la udongo linalombeba jirani likiwa zima. Wengi hutumia nyuzi 45. Kwenye mchanga legevu au mfinyanzi laini mteremko huo ni mkali mno, na ni heri kushuka mita moja kwa kila mita mbili za kwenda pembeni. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 1996 kuhusu kuta za mpakani inatumia wazo hilohilo: anayechimba ndani ya mita tatu kutoka jengo la jirani na kwenda chini ya msingi wake, au ndani ya mita sita na kukata mstari wa nyuzi 45 kutoka chini ya msingi huo, lazima ampe jirani taarifa kwa maandishi mwezi mmoja kabla.

Kwa hiyo, panapowezekana, suluhisho bora ni la kivivu: weka msingi mpya kwenye usawa uleule wa msingi wa zamani, au sogeza kitako mbali na mpaka. Chumba cha chini ya ardhi kinachogusa mpaka kinapaswa kujibiwa kwa "kwa nini?" mara tatu kabla ya kuchorwa.

Lakini viwanja ni ghali, na vyumba vya chini huchorwa. Hapo kinahitajika ukuta wa kuzuia udongo unaojengwa kabla ya shimo: nguzo za zege zilizochimbiwa zikiingiliana ubavu kwa ubavu, au ukuta wa zege unaomwagwa ndani ya mtaro mwembamba, kisha mihimili ya kuuegemeza inawekwa hatua kwa hatua kadiri uchimbaji unavyoshuka. Hata ukuta mzuri, kwenye udongo mzuri, husogea. Ardhi nyuma yake hushuka kiasi cha asilimia 0.1 hadi 0.3 ya kina cha shimo, na athari huweza kufika umbali wa mara mbili hadi tatu ya kina hicho. Kwa shimo la mita sita, ni milimita 6 hadi 18. Kumbuka milimita 12 za juu. Yaani kazi iliyofanywa vizuri inaweza kula posho yote ya jirani kabla jengo jipya halijaweka hata tofali moja. Ndiyo sababu uzito na shimo havistahili kukokotolewa na watu wawili wasiozungumza.

Na ukuta ukiwa na tundu, mambo huharibika haraka. Tarehe 3 Machi 2009 jumba la kumbukumbu za kihistoria la jiji la Cologne, Ujerumani, liliporomoka pembeni mwa shimo la ujenzi wa reli ya chini ya ardhi, pamoja na sehemu za nyumba jirani. Watu wawili walifariki, na nyaraka za karne nyingi zikazama kwenye kifusi na maji. Ukuta wa kuzuia udongo ulikuwa na kasoro chini, mahali ambapo jicho halifiki, na udongo pamoja na maji vikapenya kuingia shimoni.

Neno moja kuhusu mfinyanzi. Ukikatwa wima, mfinyanzi husimama, wakati mwingine mita tatu au nne, na mkandarasi hufurahi kwamba ameokoa gharama ya kuuegemeza. Unasimama kwa sababu maji yaliyo ndani ya vitundu vyake bado yanaunyonya na kuushikilia. Siku zinavyopita, au mvua ikinyesha, mnyonyo huo unaisha na uso wote unashuka kwa mkupuo. Shimo la mfinyanzi lililosimama vizuri Ijumaa halijathibitisha chochote kuhusu Jumatatu.

Kumshusha jirani

Msingi mpya ukilazimika kwenda chini zaidi ya wa zamani bila nafasi ya kurudi nyuma, inabaki njia ya kuushusha msingi wa jirani: kuchimba chini yake kwa vipande na kumwaga zege. Kazi hii ni ya zamani na inafanya kazi ikiheshimiwa. Ukuta hugawanywa vipande vya mita moja hadi 1.2. Huchimbi kipande na kinachokifuata kwa pamoja. Unachimba cha kwanza, unaruka kadhaa, unachimba kingine, na kwa wakati wowote ule sehemu isiyoegemea kitu isizidi robo ya urefu wa ukuta. Kila kipande kinamwagwa zege mpaka libaki pengo la sentimita 7 au 8 chini ya msingi wa zamani. Zege likishakauka na kumaliza kunywea kwa mwanzo, kwa kawaida kesho yake, pengo hilo linasindiliwa saruji na mchanga vyenye unyevu mdogo sana, kwa nguvu, mpaka pajae. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoharakishwa, na ndiyo inayobeba ukuta. Pakiachwa hewa, ukuta utashuka mpaka uikute.

Ila njia hii ina gharama ambayo huwa haitajwi. Baada ya kazi, ukuta mmoja wa jirani umekaa kwenye udongo mgumu wa chini, na kuta zake tatu zimebaki pale pale kwenye udongo wa juu unaovimba na kunywea kwa majira. Ukuta mmoja umetulia, mingine inaendelea kupumua. Nyufa hutokea kwenye pembe, pengine mwaka wa pili, wakati ambapo kila mtu amekwishalipwa. Dawa ni kuvishusha pia vipande vya kuta zinazokutana na ule wa mpakani, kwa ngazi, ili badiliko lisitokee ghafla. Na bila shaka hakuna linaloruhusiwa bila ridhaa ya mwenye jengo, kwa kuwa unafanya kazi ndani ya ardhi yake.

Maji

Shimo likifika chini ya usawa wa maji ya ardhini, jambo la kwanza linaloletwa ni pampu. Pampu haina ubaya ndani ya shimo. Ubaya wake uko nje. Udongo ulio chini ya maji huelea kwa kiasi fulani. Ukiyaondoa maji, unaurudishia uzito wake. Kila mita moja ya maji unayoshusha inaongeza kama tani moja kwa mita ya mraba kwenye tabaka za chini. Mita tatu za kupampu ni sawa na kumwongezea jirani ghorofa tatu ambazo hakuziomba, na kwa kuwa maji hushuka kwa mteremko kuzunguka shimo, ghorofa hizo zinamkalia upande mmoja. Juu ya mchanga uliosongamana athari inaweza kuwa ndogo. Juu ya mfinyanzi laini ni kubwa, na inafika mbali.

Pampu inayotoa maji ya matope ni hatari ya aina nyingine: inanyonya chembe za udongo, yaani inachimba chini ya jirani kwa njia ya bomba. Maji yanayotoka yawe safi. Kama si safi, simamisha. Majengo ya kale yaliyosimama juu ya nguzo za mbao nayo yana sababu yake ya kuogopa, kwani mbao hudumu karne nyingi zikiwa zimezama, na huanza kuoza zikipata hewa. Amsterdam na Boston wanalijua jambo hili vizuri.

Njia ya heshima ni ukuta wa kuzuia unaoshuka hadi kwenye tabaka lisilopitisha maji, ili maji yanayopampuliwa yawe ya ndani tu. Ikishindikana, visima vya kurudisha maji ardhini upande wa jirani husaidia kushikilia usawa.

Kitako kilichobanwa mpakani

Tukitoka shimoni, tatizo kubwa la umbo ni kwamba kitako cha nguzo iliyo mpakani hakiwezi kuenea upande wa jirani. Nguzo inabaki pembeni mwa kitako chake. Wapo wanaodhani inatosha kuongeza ukubwa wa kitako. Angalia kinachotokea.

Nguzo ya sentimita 30 imegusa mpaka, ikibeba tani 40. Kitako ni mraba wa mita 1.5, nacho kimegusa mpaka. Ukigawa kwa kawaida unapata tani 18 kwa mita ya mraba, na kila mtu anatabasamu. Lakini mzigo uko sentimita 15 kutoka mpakani, na katikati ya kitako ni sentimita 75. Kitako kinataka kupinduka. Udongo hauwezi kukivuta kirudi chini upande wa ndani, hivyo upande huo unanyanyuka, na kinachofanya kazi ni utepe wa sentimita 45 tu kandokando ya mpaka. Msukumo kwenye ukingo unafika karibu tani 119 kwa mita ya mraba, zaidi ya mara sita ya ule wa kwenye karatasi, na uko palepale ulipo msingi wa jirani. Kwa uhalisia uimara wa nguzo na boriti za juu hupunguza ukali huo kwa kujipinda zenyewe, na kama hazikusanifiwa kwa mpindo huo, hupasuka. Kukiongeza kitako kuelekea ndani hakusaidii kitu: utepe unaofanya kazi unabaki uleule.

Suluhisho la kitabuni ni boriti ya kukifunga kitako hicho na kitako cha nguzo ya ndani. Nguzo ya ndani ikiwa mita tano kutoka mpakani, boriti ngumu inafanya kitako cha mpakani kisukume sawasawa, kikibeba jumla ya tani 45.6, na nguzo ya ndani inapunguziwa tani 5.6. Msukumo unakuwa kama tani 20, wa kawaida kabisa. Masharti ni mawili. Kitako kipimwe kwa tani 45.6, si 40. Na boriti isiukalie udongo: ilazwe juu ya udongo uliolegezwa au povu laini, kwa sababu ikibeba udongo kwa tumbo lake inaharibu mgawanyo wote. Sharti la pili linapuuzwa sana.

Mimi ningependelea kuepuka fumbo hili mapema, wakati mchoraji bado ana penseli mkononi: rudisha safu ya nguzo mita moja au mbili ndani, kisha sakafu na boriti zitokeze mpaka mpakani. Vitako vinakaa katikati ya nguzo zake, shimo linasogea mbali na jirani, na hakuna haja ya kumshusha. Unapoteza uhuru kidogo wa kupanga vyumba vya chini. Ni bei ndogo.

Udongo ukiwa dhaifu sana, mzigo mpya hupelekwa chini kwa nguzo za ardhini ili upite tabaka laini bila kulibana. Hapo namna ya kuziingiza ni muhimu kuliko ukubwa wake. Nguzo za kupigiliwa husukuma udongo pembeni na kuunyanyua, na mitikisiko yake hulegeza plasta na kusonganisha mchanga mlegevu chini ya jirani. Kiwango cha Ujerumani kinachotumika sehemu nyingi kinaweka ukomo wa kasi ya mtikisiko wa milimita 5 kwa sekunde kwenye msingi wa nyumba za kuishi, na 3 kwa majengo ya kale, kwa mitikisiko ya polepole. Nguzo za kuchimbiwa ni tulivu zaidi, ila kwenye mchanga wenye maji shimo lake likiachwa bila bomba la kulilinda, mchanga hutiririka kuingia na kumwacha jirani akiegemea hewa. Palipobana, nguzo nyembamba za sentimita 15 hadi 30 zinazotobolewa kwa mashine ndogo ndizo zinazofaa, ingawa nazo hazikai kugusa ukuta kwani mashine inahitaji nafasi yake.

Kupima kabla ya kugombana

Kabla ya jembe la kwanza, jengo la jirani lipigwe picha ndani na nje, kila ufa upimwe upana na kuandikwa tarehe, na jirani atie saini. Karatasi hii inamlinda kila mmoja. Ufa wa milimita moja uliokuwapo miaka 20 hugunduliwa na mwenye nyumba siku mashine ilipofika, na anaamini kwa dhati kwamba ni mpya. Ni kawaida ya binadamu: hakuna anayetazama kuta zake mpaka ahisi zinatishiwa.

Kisha alama za kupimia usawa ziwekwe kwenye kuta, zisomwe wiki kadhaa kabla ya kazi ili ijulikane jengo lilikuwa linasogea kiasi gani lenyewe. Viwango vya kuchukua hatua viandikwe mapema: kwa mfano milimita 5, ongeza usomaji, milimita 8, mhandisi aje, milimita 12, shimo lisimame na liegemezwe. Na liandikwe jina la mtu mwenye mamlaka ya kulisimamisha. Vipimo visivyo na mtu huyo ni mapambo.

Kisa cha Millennium Tower ya San Francisco kinaonyesha pande zote mbili. Jengo hilo la ghorofa 58 lilifunguliwa mwaka 2009 likiwa juu ya nguzo zisizofika kwenye mwamba. Kufikia 2016 lilikuwa limetitia kama sentimita 40 na kuinama, na ukazuka ugomvi mrefu wa kisheria: wajenzi wa jengo au wachimbaji wa kituo kikubwa cha usafiri jirani, pamoja na upampuaji wa maji, nani wa kulaumiwa? Baadaye ukaanza ukarabati wa kuongeza nguzo za kufika kwenye mwamba kando ya jengo. Mwaka 2021 vipimo vilionyesha kwamba uwekaji wa nguzo hizo za kuokoa ulikuwa unalizamisha na kuliinamisha zaidi. Kazi ikasimamishwa, mpango ukabadilishwa, idadi ya nguzo ikapunguzwa hadi 18, na kazi ikamalizika 2023.

Hilo ni jengo refu, lakini tatizo ni lilelile kwa anayeongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba yake. Sehemu mpya itatitia, ya zamani imekwishamaliza. Ukizifunga kwa nondo, ufa utachagua wenyewe pa kupita, na kwa kawaida hupita juu ya mlango. Achia nafasi ya sentimita mbili hadi tano kutoka msingi hadi paa, ijazwe kitu laini na kufunikwa kwa kifuniko kinachoteleza. Mabomba yanayovuka nafasi hiyo yawe na maungio yanayopinda, na kama kuna sakafu ambazo lazima zikutane, kipande cha mwisho kimwagwe miezi kadhaa baada ya uzito wote kuwekwa. Maeneo ya matetemeko yanataka nafasi kubwa zaidi, inayokokotolewa kwa mwendo wa majengo yote mawili, ili yasigongane. Nafasi hiyo isafishwe kila siku ya kazi: chokaa, vipande vya matofali na mbao za kufungia zege hudondokea humo, na kipande kimoja cha zege kigumu kikibaki kwenye ghorofa ya pili kinatosha kuyaunganisha majengo mawili ambayo umetumia pesa nyingi kuyatenganisha.

Alama za usawa nazo zisiondolewe siku ya kukabidhi funguo. Mchanga humaliza kutitia karibu sawa na ujenzi unavyokwisha. Mfinyanzi huendelea kwa miaka, na usomaji wa mara mbili kwa mwaka, kwenye kuta za majengo yote mawili, ndio utakaoonyesha kama hesabu za mpakani zilikuwa sahihi.